Video ya Editha

Jumanne

Bado namwona Mzee Baltazari kwenye benchi la studio yangu, flashi ya kuwekea video mkononi, akisubiri sauti ya binti yake.

Editha alifariki wakati wa kujifungua. Video ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, niliipiga mimi, na leo baba yake ametoka Nyantakara kuja kuichukua, ili mjukuu akikua amsikie mama yake.

Haipo. Juzi nilihamishia kazi zote kwenye diski ya nje. Kompyuta ikaandika kwamba imemaliza. Nilipofungua, folda zilikuwa tupu, kwenye kompyuta na kwenye diski pia. Fundi wa Biharamulo mjini anasema ni hitilafu ya mfumo wenyewe: unafuta mafaili kabla haujamaliza kuyanakili. Amejaribu kuyarudisha, ameshindwa.

Nilimweleza mzee yote hayo. Akairudisha flashi mfukoni.

"Lakini wewe ulikuwepo," akasema. "Alisemaje?"

Nikamwambia. Editha alimshukuru baba yake kwa kumsomesha wakati majirani wanamcheka. Alianza kulia, halafu akajicheka mwenyewe mbele ya watu wote.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia.

Wakati wa kuondoka aliniomba kitu kimoja: mtoto akianza kuelewa maneno atamleta hapa Nyakahura, nimsimulie kama nilivyomsimulia yeye. Nikakubali. Ningesemaje?

Maneno ninayo. Ila kile kicheko, mchana nilikuwa nakisikia kabisa. Sasa kila nikikitafuta, nasikia cha dada yangu.