Cheti cha Macho Mazuri

Ngoingwa, Thika
Jumapili

Mama yangu,

Natangaza rasmi, kwako na kwa boma lote, kwamba mwanao Ayuma ana macho mazuri kuliko wachambuzi wote wa makadamia hapa Thika, na ana cheti chenye muhuri cha kuthibitisha. Nimekibandika ukutani juu ya jiko, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Tangazo hilo unaweza kumsomea yeyote. Yanayofuata ni yako peke yako, ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako huwekwa sauti kubwa na boma zima husikiliza. Barua nitampa binamu Shadrack. Nitaifunga kwa gundi mara mbili, kwa hiyo ikifika imefunguliwa, muulize yeye.

U hali gani? Goti limekubali kushuka kisimani? Na yule ng'ombe, ameacha kuvunja ua wa jirani, au jirani ameacha kulalamika? Mimi ni mzima, ila nina mashaka, kama unavyonijua.

Kuna klabu hapa mjini. Si ya densi, ni ya kusaidia watu. Ni wastaafu wa benki na wa ualimu, daktari wa meno mmoja, na wenye maduka, ambao Jumamosi badala ya kupumzika huvaa vesti za manjano na kufanya kazi ambazo hawakutumwa na mtu. Walianza kwa kuzibua mtaro wa soko, halafu wakapaka rangi choo cha soko. Niliwatazama nikiwa nyuma ya kibanda cha mboga, nikijiuliza wanatafuta nini. Nilidhani ni siasa, lakini hakuna aliyetaja kura. Nikadhani wanapima ardhi kwa ujanja, lakini hawakuwa na kamba. Nikauliza, nikaambiwa mikutano yao hufanyika Kamakis, kule watu wanakoenda kula nyama choma. Hapo ndipo shaka iliponiingia kabisa. Mtu gani anamaliza mbuzi, ananawa mikono, halafu anasema sasa tujadili choo?

Basi mwezi uliopita supavaiza wetu kiwandani akatangaza kwamba klabu italeta daktari wa macho kwenye ukumbi wa kanisa, bure, na sisi wachambuzi wote tumepewa nusu siku ya kwenda. Mama, nimefanya kazi pale miaka sita. Nusu siku nilipewa mara moja tu, Baba alipofariki, na nikaambiwa nirudi na tangazo la mazishi.

Nikaelewa papo hapo. Mikataba yetu ilikuwa inakaribia kwisha, na kampuni ilitaka kujua nani haoni ili asirudishwe. Wakituuliza wao, tungewadanganya. Kwa hiyo wametafuta watu wazuri wa kutuuliza.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa mwaka mzima njugu zimekuwa zikipita mbele yangu kwenye mkanda wa mashine kama uji. Nzuri na mbaya nazitenganisha kwa vidole: iliyooza huteleza hata ndani ya glavu, iliyoliwa na mdudu hukwaruza. Zinazonipita namwachia Mama Shiro, jirani yangu hapa kwenye ploti tunakopanga, ambaye kazini hukaa baada yangu kwenye mkanda. Mkataba ukikatwa, jiko lako litabaki bila mabati, na Brian wangu atakaa hapo kwako na barua yake ya chuo mkononi.

Kwa hiyo siku ya kupimwa nilifika ukumbini kabla ya kila mtu, nikajitolea kupanga viti. Aliyesimamia ni mwalimu mstaafu anayeitwa Bi. Mugure, mama mfupi mwenye viatu vya raba. Alifurahi, akasema klabu inatafuta watu wenye moyo kama wangu. Nikawa napanga viti huku macho, hayo yaliyobaki, yakitafuta kile watakachotusomesha. Nikakikuta mezani: kadi yenye mistari, wa juu mnene, wa chini kama nyayo za sisimizi. Nikaipeleka kwa Bi. Mugure nikamuuliza imeandikwa nini.

Alinitazama kwa huruma. Alidhani sijui kusoma. Mimi, Mama, niliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama. Nikamwacha adhani hivyo. Akanisomea polepole, kwa sauti ya darasa la kwanza, kidole kikifuata neno kwa neno: shangazi ana mbuzi wawili, mbuzi wameingia shamba la mwalimu, mwalimu amekasirika, na kuendelea hadi kwa sisimizi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kufikia safu ya mwisho ya viti nilikuwa nimeshaitia yote kwenye wimbo wa kwaya.

Zamu yangu ilipofika, daktari, kijana mwenye foleni ndefu mlangoni, alinipa kadi akainamia fomu yake. Niliishika karibu kama mtu anayeona, nikamtazama yeye badala ya kadi, maana ukungu wa maandishi yale ungenichanganya. Nikamshushia shangazi, mbuzi na hasira za mwalimu bila kukwama hata mara moja. Akagonga muhuri.

"Mama, hii macho ni ya msichana," akasema.

Tulipokuwa tukirudisha viti, Bi. Mugure akaja upande wangu. Akainama kama anayeokota kitu.

"Mama Brian," akasema polepole, "umesoma vizuri sana. Lakini ile upande ulikuwa umeshika imeandikwa Kizungu."

Kisha akabeba viti viwili akaenda zake.

Mtu akijua siri yako akakutishia nayo, angalau unajua anataka nini. Anayeijua akaendelea kubeba viti ndiye wa kuogopa.

Jumatatu supavaiza akasoma majina ya walioshindwa. La Mama Shiro lilikuwa la kwanza. Wakaitwa ofisini mmoja mmoja, nami nikamshukuru Mungu kwanza, kisha nikamhurumia Mama Shiro, kwa mpangilio huo. Walipotoka, kila mmoja alikuwa na miwani, na klabu ndiyo iliyonunua. Hakuna aliyefutwa. Mikataba yetu sote imeongezwa muda. Mama Shiro aliketi, akautazama mkanda.

"Wee Mama Brian," akasema, "kumbe tumekuwa tukipitisha takataka hivi?"

Kumbe naye alikuwa anatumia vidole.

Halafu supavaiza akaniita mimi. Akasema kwa kuwa cheti changu kimewashinda wote, nihamie meza ya mwisho, ile ya kukagua kabla katoni hazijafungwa. Baada ya meza hiyo hakuna mtu mwingine, Mama. Ni katoni, halafu ni ng'ambo. Na kila katoni ina namba yangu ubavuni. Ikirudi hata moja, haitamtafuta mtu mwingine.

Juzi Bi. Mugure alinikuta sokoni akanikabidhi vesti ya manjano. Jumamosi ijayo klabu inakwenda Mwihoko, kule Ruiru, kupima watu macho, na anataka nikapange viti. Akasema wanaopanga viti hupimwa kwanza, kabla watu hawajafika, na kule hakutakuwa na mtu wa kampuni. Nimeyageuza maneno hayo kila upande nikitafuta mtego. Huenda wameishiwa na watu wa kubeba. Huenda wanataka kunipiga picha. Mifuko ya vesti nimeikagua yote, haina kitu, na hilo nalo silielewi. Nitaenda, lakini ni kwa kuchunguza tu.

Nisalimie Senje Doris, dada wa Baba, umwambie maombi yake yamefika ila asipunguze. Khocha Wycliffe, ndugu yako wa kutengeneza redio, mwambie ile aliyonitengenezea sasa inashika stesheni moja, ya mahubiri. Mke wa kaka yangu mwambie asante kwa samaki wa omena. Brian aoge, na barua ya chuo aitunze mahali pasipovuja.

Ni mimi binti yako mwenye cheti,
Ayuma

Ningeandika zaidi, lakini Mama Shiro amerudi kutoka kanisani na anataka miwani yake.