Nimefungua Saluni, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto. Hamjambo huko? Mimi mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu. Usishangae herufi kubwa kama za bango. Naandika mwenyewe, kwa kalamu nene.

Ulipoondoka nilikuwa nimefunga saluni. Sukari ilikuwa imenila macho. Madaktari walizuia yasizidi kuharibika, lakini katikati ya kila ninachokitazama palibaki doa la ukungu. Nilijifungia ndani nikijihurumia, mpaka kliniki ikanipeleka kwa dada mmoja anayefundisha watu kutumia uoni uliobaki.

Dada huyo hana huruma hata chembe, Mungu ambariki. Aliniambia nisimtazame mtu usoni, nitazame sikio lake, sura itajitokeza pembeni. Nikadhani ni utani. Nikatazama sikio lake, na kumbe alikuwa anatabasamu! Nililia palepale. Akanifundisha kutembea na fimbo, kusogeza taa karibu na kazi, kumtandikia mteja kitambaa cheupe mabegani ili nywele nyeusi zijitenge. Sukari napima kwa mashine inayosema. Ni mbea kweli, hutangaza namba zangu saluni nzima.

Ndiyo, saluni. Nimefungua! Juzi alikuja binti anayeolewa, pamoja na shangazi yake. Shangazi akauliza kwa sauti kubwa, kana kwamba nimepoteza na masikio, kama kipofu huyu ndiye msusi. Binti akamjibu, “Mimi nimefuata mikono yake, shangazi. Macho ya kukagua si unayo wewe?”

Basi akakagua. Nilichora mistari kwa ncha ya kitana huku kidole kikifuata, nikasuka tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Shangazi akazunguka kiti kama askari, akitafuta mstari uliopinda. Mwishowe akaketi, akavua kitambaa chake kichwani, akaniuliza nina nafasi lini. Nilicheka mpaka kitana kikanidondoka.

Sasa nina neno, kaka. Wifi alinipigia simu, usimgombeze. Najua una sukari tangu mwaka jana, na ukiambiwa ukapimwe macho unasema yako hayana shida. Hata yangu hayakuwa na shida, mpaka yalipoanza. Nimekuchukulia nafasi hospitali ya huko kwenu, Jumatatu. Nakuja mwenyewe kwa basi, bila msindikizaji, nikupeleke. Ukijificha chumbani nitakaa mlangoni nikiongea mpaka utoke, na unanijua.

Wabusu watoto. Waambie shangazi yao yuko njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku