Nati Iliyokutwa Mfukoni mwa Fundi

KITUO CHA POLISI, OFISI YA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anafahamika kwa jina la Mama Pacha
Umri: Miaka 41
Kazi: Mshonaji wa viti vya magari
Makazi: Nyumba za nyuma ya soko la mbao
Uhusiano: Mjane wa marehemu. Pia ni dada wa mtuhumiwa.

Nimeambiwa niseme kweli, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Uongo umeshasemwa wa kutosha katika kesi hii, na ndio uliomweka mdogo wangu mahabusu. Sikuja kuuongezea.

Afande anayeandika ameniomba nipunguze sauti. Nimekataa. Mlango uko wazi na mama mkwe wangu amekaa kwenye benchi hapo nje. Asikie. Sipendi kumsema mtu mgongoni.

Marehemu alikuwa mume wangu, kinyozi, mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Mtuhumiwa ni mdogo wangu, tumechangia ziwa moja. Ni fundi wa magari na mtaani wanamwita Taratibu, kwa sababu hana haraka hata nyumba ikiungua. Gereji ameirithi kwa baba yetu. Mimi nashona viti kwenye chumba cha pembeni cha gereji hiyo hiyo, na nikiwa kwenye cherehani naona uwanja wote mpaka getini.

Gari lililoua lilikuwa la marehemu baba mkwe wangu, aliyekuwa karani wa posta. Lilikuwa kagari kadogo ka zamani, milango miwili, kanakunywa mafuta kidogo kuliko pikipiki. Mwenyewe alikaita Kobe. Alikwenda nalo kazini mpaka alipostaafu, na alipofariki likakaa nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mume wangu akaona kwenye simu picha za magari kama hayo yaliyokatwa paa na kutiwa injini kubwa, yakageuzwa ya mbio. Hakulala vizuri tena. Nilimuuliza, "Baba Pacha, kobe ukimvisha miguu ya swala atakuwa nani?" Akanijibu, "Atakuwa wa kwanza."

Kazi ilianza mwanzoni mwa mwaka huu. Mdogo wangu alikata nguzo za paa, akalishusha mpaka dirisha likabaki upenyo wa kuchungulia. Injini ya zamani, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba kifuani, ilitolewa, ikaingizwa ya pikapu iliyopata ajali. Haikuenea, kwa hiyo boneti ikawekwa kando moja kwa moja. Bodi lililegea kwa uzito, likachomelewa vyuma chini. Nyuma yalifungwa matairi mapana, mbele yakaachwa membamba. Mabomba ya moshi yalitokezwa ubavuni bila kizuia sauti, na likiwashwa mikasi yangu inacheza mezani. Kiti nilishona mimi, kimoja tu, cheusi kwa uzi mwekundu, kwa sababu nafasi ya kiti cha pili ililiwa na gia boksi. Nisimsingizie mdogo wangu kwamba alilazimishwa. Alilipenda gari lile. Nilimkuta mara nyingi akilizunguka na kucheka peke yake.

Mama mkwe alitoa sharti moja tu. Alisema, "Vingine vyote kateni. Usukani msiuguse. Mikono ya mume wangu imo humo." Ni kweli, ule usukani ulikuwa umelika upande mmoja pale mzee alipozoea kuweka kiganja. Mwanawe akakubali, na mdogo wangu akakubali.

Sasa naomba niandikiwe hili vizuri, maana ndilo lililonileta. Gereji yetu ina desturi yake, ameiacha baba. Zamani mteja mmoja alitoroka na gari lake kabla halijaisha, akaenda kulivunja na kurudi kumlaumu baba. Tangu hapo baba akawa gari likiingia tu anatoa usukani. Usukani unatundikwa kwenye msumari ukutani. Nati inayoushika inakwenda kwenye mfuko wa shati la fundi, haiwekwi mezani wala koponi, ili mtu yeyote asiikute. Siku kazi ikiisha fundi anaupachika usukani kwa mkono wake, anaikaza nati, anafunika kwa kile kifuniko cha honi, ndipo anakabidhi ufunguo. Kwetu ni msemo: usukani ukutani, nati mfukoni. Mimi nimefua mashati ya baba, kisha ya mdogo wangu, na nati nimezitoa humo tangu nikiwa mtoto.

Kwa hiyo, afande, mnaposema kwamba usukani haukuwa na nati, na kwamba nati imekutwa mfukoni mwa mtuhumiwa, nakubali. Ingekutwa wapi? Mnaishika kama kisu chenye damu. Ile nati ndiyo iliyokuwa inamlinda mume wangu.

Mume wangu alilisikia neno hilo miaka yote ya undugu wetu. Alilichukulia utani wa shemeji. Hata vinyozi wenzake aliwachekesha nalo, anasema, "Mimi kwetu nikikunyoa nusu, kichwa kinabaki dukani." Sidhani kama siku hata moja aliinua kile kifuniko cha honi akaona kilicho chini yake. Usukani ukiusukuma kwenye meno ya chuma chake unakaa, unageuka kushoto na kulia, huoni kasoro. Kasoro unaiona siku ukiuvuta.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 ya mwezi huu, asubuhi, mume wangu alikuja gereji amevaa shati jipya. Alasiri ya siku hiyo wenye magari ya zamani walikuwa wanakutana kwenye uwanja wa mpira, naye alishawatangazia wateja wake wote kwamba Kobe atatokea. Mdogo wangu akamwambia breki za mbele bado, zile za zamani zilikuwa za injini ya zamani, na fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma, hajamaliza kuchonga mpya. Wakabishana mbele yangu. Mume wangu alisema, "Utaratibu wako utanizeesha." Mdogo wangu alisema, "Ukilitoa leo, utalitoa mara moja tu."

Majirani wamewaletea maneno hayo, na nimesikia yameandikwa kuwa ni vitisho. Yalikuwa onyo. Mtu anayekutishia hatoki hapo hapo kwenda kukuhimizia breki. Mdogo wangu alikwenda kwa fundi wa kerezo kwa miguu, simu akaisahau mezani, nati ikiwa mfukoni. Mume wangu naye akaondoka amenuna.

Ilipata saa nane mchana mama mkwe aliingia getini. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo na kazi?" Akaniomba kigoda. Nilimpa kile ninachokalia mimi, nikidhani amechoka anataka kukaa. Niliinama kukata uzi. Nilipoinua macho alikuwa amesimama juu ya kigoda, ameshika usukani kwa mikono miwili, na msumari uko mtupu.

Nikasema, "Mama, huo hautolewi mpaka fundi aje."

Akasema, "Fundi ndiye nani wa kumtundika mume wangu ukutani kama kofia? Jana tu fundi huyo alikuwa anakula kwangu."

Nikasema, "Mama, tafadhali, gari bado."

Akashuka taratibu, akaufuta usukani vumbi kwa mtandio wake. Alisema, "Mwanangu ameaibika mbele ya watu tangu asubuhi. Leo atafurahi." Hakuwa na ubaya moyoni, afande. Nataka liandikwe na hilo.

Nilimpigia mdogo wangu. Simu ikaita pale pale mezani, kati ya spana. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma, yumo garini, mama yake anampitishia usukani mlangoni. Aliupiga kwa kiganja mara mbili ukakaa. Nilitupa mkasi nikatoka mbio. Akawasha kwa ufunguo wa akiba wa marehemu baba yake.

Ile sauti ndiyo aliyoitaka. Ndiyo aliyoilipia na kuisubiri. Nilipiga kelele, "Nati! Haina nati!" Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake na mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Nilizungusha mikono hewani nikimwonyesha usukani. Naye akadhani nashangilia, akacheka, akanipungia. Meno yote nje, kama siku ya harusi yetu. Pembeni yangu mama mkwe alikuwa anapiga vigelegele. Nilimshika mkono nikamwambia sikioni, "Nati anayo Taratibu." Alinisikia. Vigelegele vilikatika.

Gari lilitoka getini likashika barabara ya mteremko. Tuliliona likienda vizuri mpaka kwenye kona ya soko la mbao. Pale kwenye kona halikupinda. Lilikwenda moja kwa moja ukutani.

Nilifika wa kwanza. Sitasema yote niliyoyaona, daktari ameshayaandika. Nitasema la mikono. Alikuwa amekamata usukani kifuani kwake kwa mikono yote miwili, hauna kitu nyuma, kama mtu aliyebeba sinia. Niliutoa mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Nampenda mume wangu, na nimemkasirikia mpaka kifua kinauma, na hasira hiyo sina pa kuipeleka.

Mdogo wangu alitokea upande wa kerezo amebeba breki mpya kwenye gunia. Aliliona gari, akaona usukani chini, akatia mkono mfukoni akaitoa nati. Akaitazama. Akairudisha mfukoni, akakaa chini barabarani. Ndivyo polisi walivyomkuta. Hakujua nani kautoa usukani ukutani. Mpaka leo akiulizwa anajibu, "Mimi niliutundika," basi.

Mama mkwe alijua. Nanyi mkamuuliza, akasema aliukuta usukani umeshafungwa, na kwamba mdogo wangu ndiye aliyemkabidhi mwanawe gari. Mimi wakati huo nilikuwa nimelazwa ukumbini kwa shangazi, sijitambui, wananipepea. Niliposikia maelezo hayo tulikuwa tumeshazika.

Nilimfuata chumbani kwake siku ya pili baada ya matanga kuanuliwa. Nilimwambia, "Mama, kaseme." Alikuwa anakunja mashati ya mwanawe. Alisema, "Mdogo wako akifungwa atatoka. Mwanangu hatatoka." Nikamwambia, "Taratibu hana kosa." Akasema, "Najua. Lakini nikishasema kwa mdomo wangu kwamba ni mimi, nitaishi vipi?" Nililia, naye akalia, tukashikana. Kisha akaniomba nimsaidie kukunja.

Nilisaidia. Ni mama yangu yule, tangu niolewe sijawahi kumwita mkwe. Wanangu wanalala kitandani kwake. Najua nikitoka hapa wifi zangu hawatanisalimia, watasema nimemuuza mama yao ili kumwokoa ndugu yangu. Waseme. Waswahili wamesema damu nzito kuliko maji, lakini hapa ni damu na damu, na mimi niko katikati. Kama mdogo wangu angekuwa na hatia ningekaa kimya nimlilie kimya. Hana. Nimeshampoteza mume, siwezi kuwapa na Taratibu ili msiba wetu uwe na mtu wa kubebeshwa.

Mama, kama unanisikia hapo nje, sikukuchukia. Kile kigoda nilikupa mimi.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio ndiyo haya, sikuongeza chumvi wala sikuficha. Nimesomewa, nimeridhika, natia saini.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi kama yalivyotolewa, shahidi akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa. Nilipomsomea aliomba neno moja libadilishwe. Mahali pote nilipoandika "mama mkwe" alitaka iwe "mama". Nilimweleza kwamba kisheria lazima uhusiano ueleweke, akakubali libaki.

Kabla shahidi hajainuka, mwanamke mzee aliyekuwa kwenye benchi aliingia bila kuitwa na kusimama mbele ya meza. Shahidi alimpisha kiti, naye hakukaa. Sikumuuliza swali lolote. Alisema: "Futa yale ya kwanza, mwanangu. Kigoda nilipanda mwenyewe." Kisha akamuuliza shahidi kama marehemu, pale gereji, huenda alisikia alichokuwa anaambiwa. Shahidi alijibu, "Hakusikia, mama. Alikuwa anacheka."

Nimefungua karatasi mpya.

Saini ya afisa: (ametia saini)