Malalamiko ya Zita Yamefungia Maandazi

Mama Yuster, shikamoo. Naomba msaada, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri nilipoenda kuungama nililiruka.

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, najitolea kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo hapa mpakani Rusumo, kazi yangu kuchapa, na yale maneno ya ukutani, UADILIFU, USHIRIKIANO, USIRI, ni mimi niliyeyachapa kwa Kiswahili na Kiingereza nikajiona nimeyajua. Wiki iliyopita dada Zita, karani wetu, aliandika malalamiko ya siri kwa meneja kwamba kaka Wiston, msimamizi wake, anamshikashika stoo na kumtishia mkataba, akaniomba nimchapie, nikachapa, ila karatasi ya kwanza wino ulififia upande mmoja nikatoa nyingine, na ile iliyoharibika nikaichanganya na zile ninazompelekea mama kila jioni, maana mama anauza maandazi kwenye maegesho ya malori na karatasi zetu ndizo anazofungia, ofisi nzima inajua, hata meneja hutania, "Usisahau vifungashio vya mama!"

Jumanne asubuhi Wiston akaingia anatafuna andazi la mama. Ghafla akaacha kutafuna. Akaikunjua karatasi, imelowa mafuta lakini jina lake linasomeka, Mama Yuster, akaisoma kwa sauti mbele yetu!

"Kumbe mimi nakushikashika, Zita? Haya, sasa hata madereva wa Kigali wanajua."

Zita alichukua mkoba akatoka, mpaka leo hajarudi. Meneja akauliza nani katoa karatasi nje, na kwa kuwa mzee Anastazi ndiye anayefagia na kunikusanyia karatasi za mama, macho yote yakaenda kwake.

"Jamani, mimi hata miwani ya kusomea sina," akasema. Wakacheka. Ijumaa anakabidhi funguo.

Leo amenikuta nalia, akanipa ndizi. "Usinililie, mwanangu, nitarudi Murusagamba nikalime maharage." Anadhani namlilia yeye! Nikisema nitafukuzwa na mama ataona aibu maegeshoni, nisiposema huyu mzee anaondoka kwa kosa langu, nakuandikia nikiwa hapa hapa ofisini na nasikia hatua zinakuja mlangoni, naificha kar

JIBU

Marahaba, binti. Barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika pale ilipokatika nikakaa.

Najua hukukusudia. Lakini siri ya mtu haipungui kwa sababu wino umefifia! Karatasi ile haikuwa yako, ya mama yako, wala ya ofisi. Ilikuwa ya Zita. Na tazama ulivyoandika: hofu yako imejaa ukurasa, Zita umempa "hajarudi" tu. Umeenda kumwona? Hujaenda.

Kinachonishtua zaidi ni hao wakubwa wako. Wote wanamtafuta aliyetoa karatasi, hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu stoo. Huo ndio ushirikiano mliobandika ukutani?

Sasa sikiliza. Kabla ya Ijumaa nenda kwa meneja, mzee Anastazi akiwepo, useme kwa mdomo wako: "Ni mimi." Usimtupie mama lawama, yeye alipokea alichopewa. Ukifukuzwa, utaondoka ukiwa umesema kweli, na mzee atabaki na funguo zake. Kutoka hapo nenda kwa Zita. Usijieleze sana, omba msamaha, kisha mwambie uko tayari kushuhudia jinsi Wiston alivyomsomea hadharani. Akitaka kwenda dawati la jinsia polisi, msindikize. Asipotaka, nyamaza, safari hii mwenye kuamua ni yeye. Karatasi iliyoharibika ofisini ichanwe vipande. Mama afungie magazeti, hata hili.

Jibu hili nimekutumia kwa simu, kwa namba uliyoniachia, kabla ya kulichapa, maana Ijumaa haingoji gazeti. Majina yote nimeyabadilisha, na barua yako nimeichana kwa mikono yangu.

Hatua zikija tena mlangoni, iache karatasi mezani. Simama, umngoje anayeingia.