Hatari ya Daraja la Chini

Tainan, 6 Machi

Mdogo wangu Ruei-hong,

Salamu nyingi kutoka huku Tainan. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha, na mvua imekataa kabisa kunyesha. Wewe je? Mgongo unaendeleaje na viti vyenu vya ofisini? Wifi yangu hajambo?

Nakuandikia kwenye anwani yako ya nyumbani, si ya kazini, maana nataka ulisikie kwangu kwanza. Lile sanduku jeupe la kampuni yenu la kuhifadhia mafaili ya kompyuta, lile lile ulilomnunulia Baba kwa ajili ya studio yake ya picha, nimeliona lina tundu. Liko kwenye sehemu ya kugawana mafaili mtandaoni. Mtu akiomba folda yenye jina refu kupita kiasi, programu inachanganyikiwa na kumfungulia mlango bila kumuuliza neno la siri. Akishaingia yeye ndiye mwenye mali. Atasoma, atafuta, atafunga atakacho. Nimejaribu kwenye sanduku langu mwenyewe na kila mara linafunguka.

Ripoti kamili naituma kesho kwenye dawati lenu la usalama. Anayekaa kwenye dawati hilo ni wewe, nami nimeona vibaya kukuvamia utadhani hatujuani.

Dada yako,
Hsin-lan

Xinbei, 9 Machi

Dada Hsin-lan,

Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia kikohozi kimepona. Sisi tu wazima. Wifi yako anakusalimu. Mgongo ni ule ule.

Kwa hiyo masanduku yote ya dunia hii hukuyaona, ukaliona la mdogo wako. Hongera. Naisema kwa mdomo mzima, lakini sikufichi, roho imeniuma. Unajua Baba bado ameitundika ile karatasi ya shukrani yenye jina lako, ya wale Wajapani uliowaonyesha tundu lao, pale dirishani, katikati ya picha za maharusi? Ameitia fremu. Kila nikienda kwake Chiayi ananisimamisha mbele yake nisome upya. Mimi naziba matundu mwaka mzima, na hakuna tangazo la usalama hata moja lenye jina la mzibaji. Anayetoboa ndiye anayeshukuriwa.

Sasa la kazi. Taratibu unazijua: kimya mpaka sisi tutoe marekebisho. Kimya kwa kila mtu, hata Baba. Ukimwambia Baba achomoe waya, mchana huo huo mama muuza wali wa bata mzinga pale mkabala atajua, na jioni Chiayi nzima itajua, wezi wakiwemo. Niachie mimi.

Mdogo wako,
Ruei-hong

Tainan, 12 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na wifi pia. Huku hatujambo.

Nimekubali. Sitamwambia mtu, nakupa neno langu. Ila na wewe sikiliza. Sanduku la Baba limefunguliwa kwa nje ili maharusi wazione picha zao wakiwa kwao. Na picha za Mama zote zimo humo. Zile za karatasi zililiwa na mchwa, Baba akazitupa baada ya kuziskani, akisema sasa ziko salama kwa Ruei-hong. Ndivyo anavyoliita lile sanduku, kwa jina lako. Kwa hiyo waambie wenzako kwamba hatari hii ni ya daraja la juu kabisa, na isingoje.

Kuhusu fremu, acha utoto. Nikimpigia Baba simu siku ya mapumziko ananiambia, "Ngoja kwanza, Ruei-hong yuko njiani anakuja," hata siku ambazo huji. Mimi nina karatasi dirishani, wewe una kiti mezani. Unadhani hicho kiti sijawahi kukionea wivu?

Dada yako,
Hsin-lan

Xinbei, 10 Aprili

Dada,

Salamu. Natumaini ulifika salama baada ya kufagia makaburi ya Qingming na kwamba jua la makaburini halikukuumiza kichwa. Sisi tulifika usiku, wazima.

Sikusema kitu siku ile kwa sababu baba wadogo wote walikuwepo. Mwaka huu udi wa kwanza kwenye kaburi la Mama, Baba alikupa wewe. "Huyu ndiye anayetafutwa na makampuni," akasema, nami nimesimama na fagio mkononi. Mimi ndiye niliyefyeka yale majani. Mimi ndiye ninayeyafyeka kila mwaka. Ulipaswa kukataa, au angalau kunipisha, lakini uliupokea udi huku unacheka.

Ripoti yako imekaliwa kikao. Imepewa daraja la chini, kwa kuwa mshambuliaji angehitaji kujua mengi mno. Tundu litazibwa na toleo kubwa la programu la Agosti.

Mdogo wako,
Ruei-hong

Tainan, 11 Aprili

Ruei-hong,

Salamu kwa wifi.

Daraja la chini? Nimewatumia programu inayofungua sanduku kwa kubofya mara moja tu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitumia akiwa anakula tambi. Niambie ukweli, wenzako waliiona programu hiyo, au kikao kilikuwa wewe na kikombe chako cha chai?

Na udi niliupokea kwa sababu Baba alininyooshea. Ungekuwa wewe ungeukataa?

Kama mna hakika ngojeni hiyo Agosti, lakini nenda Chiayi ukachomoe waya wa Baba. Mimi nimefungwa na neno nililokupa wewe. Wewe hujampa mtu neno. Panda treni ya kasi, chomoa, kula wali wako, rudi. Mwambie unalisafisha vumbi.

Dada yako,
Hsin-lan

Xinbei, 2 Mei

Dada Hsin-lan,

Hujambo? Sisi hatujambo, kazi tu imezidi.

Chiayi nilikwenda wiki iliyopita. Nilisimama mbele ya lile sanduku na waya nikaushika. Baba akaniuliza, "Kuna nini?" Ningemjibu nini? Kwamba zawadi niliyomnunulia kwa bonasi yangu ya mwaka mpya ni mbovu, na aliyegundua ni wewe? Angetafuta fremu ya pili palepale. Unasema vumbi, lakini unamfahamu Baba, angekupigia simu kukuuliza kama nimesafisha sawasawa.

Nikauacha waya. Nimemwekea juu ya sanduku pakiti mpya ya Guai-Guai, vile vitafunio vya bahati vya kutuliza mashine, ya kijani, tarehe ya kuisha iko mbali, maana kwenye seva zetu zote ofisini tunaweka na hazisumbui. Baba alifurahi. Usinisumbue tena kwa hili, dawati ni langu na najua ninachofanya.

Mdogo wako,
Ruei-hong

Xinbei, 23 Juni

Dada yangu,

Salamu sana. Natumaini u mzima, ingawa simu zangu hupokei.

Najua Baba alikupigia wewe kwanza. Kila faili limefungwa na kupewa jina lisilosomeka, na kwenye kioo kuna maneno ya Kiingereza yanayodai malipo. Ilipofika zamu yangu aliniambia ameikagua ile pakiti, ni ya kijani kweli na haijapita tarehe, sasa kosa lake liko wapi. Alidhani amekosea yeye. Maharusi wa miaka yote wamepotea, na Mama pia. Si yeye peke yake, simu za ofisini hazinyamazi tangu juzi.

Marekebisho tumeyatoa leo asubuhi. Tuliyaandika kwa siku mbili. Tafadhali usiniulize tena habari za kile kikao.

Tazama tangazo letu, jina lako nimeliweka juu kabisa. Nimemchapia Baba nakala nikampelekea. Hakuitundika, aliikunja akaitia mfukoni. Na hata hapo, Dada, wewe alikuuliza kama picha za Mama zinaweza kurudi. Mimi aliniuliza kama nimekula.

Nijibu basi. Nitukane ukitaka.

Mdogo wako,
Ruei-hong

Xinbei, 4 Julai

Dada,

Hujambo? Wifi yako anakuulizia kila siku. Baba ameliwasha sanduku upya, anaweka picha za maharusi wa mwezi huu. Nilimwambia tumelitengeneza na sasa ni salama. Alikubali bila kuuliza.

Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Ruei-hong

Tainan, 19 Julai

Kwa Dawati la Usalama,

Naripoti hitilafu katika marekebisho mliyotoa mwezi Juni. Marekebisho hayo yanazuia jina refu la folda lakini hayazuii jina refu la faili. Mlango unafunguka kama zamani, bila neno la siri.

Maelezo na programu ya kujaribia vimeambatanishwa. Nakala nimezituma kwa mkuu wa idara yenu na kwa ofisi ya serikali inayosimamia matangazo haya, ili daraja la hatari lisipangwe na mtu mmoja. Msipotoa marekebisho katika muda wa kawaida, nitatangaza mwenyewe.

Mpaka hapo nitakaa kimya kwa kila mtu isipokuwa mteja mmoja, mzee mwenye studio ya picha huko Chiayi. Nilikwenda kwake jana nikachomoa waya. Aliponiuliza kwa nini, nilimwambia yote tangu Machi.

Katika ukurasa wenu wa shukrani naomba jina langu lisiandikwe.

Peng Hsin-lan
Mtafiti wa usalama