Makucha ya Paka wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kijiji cha Kirushya tangu asubuhi. Chanjo ya kideri. Kuku wengi, wenyewe wachache. Mikono inanuka mpaka sasa.

Dada Konsolata kapiga simu kutoka Rusumo, anakoishi na Mama. Paka amemparua Mama tena, mguu uleule. Mama ana kisukari, vidonda vyake havifungi. Dada anataka nimng'oe paka makucha. Nikamwambia si kama kukata kucha. Unakata kidole chenyewe, pingili ya mwisho, mfupa na yote.

"Basi nitamtupa kule mpakani kwenye malori," akasema. "Chagua. Paka au Mama?"

Nikakata simu. Sijui kwa nini nilikata.

Jumatano, 5 Machi

Sisi maofisa mifugo wa Ngara na Biharamulo tumekubaliana. Hakuna atakayeifanya kazi hiyo ya kung'oa paka makucha, na tutaziomba halmashauri zetu zitunge sheria ndogo ya kuikataza. Yuko mtu Biharamulo anawang'olea paka wa wenye makochi ya ngozi, yasichanwe. Nimesaini kwa moyo wote.

Mchana nikamweleza Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga. Kacheka mpaka kakohoa.

"Mwanangu, ng'ombe wangu hawana josho, wewe unahangaikia vidole vya paka?"

Nimekata pembe za ng'ombe wangapi? Nimehasi nguruwe wanapiga kelele hadi barabarani. Hapo sikuitisha mkutano. Kichwa kimevurugika.

Jumamosi, 8 Machi

Rusumo. Nimechelewa. Dada alishampeleka paka kwa yule mtu wa Biharamulo juzi.

Paka Padri, Mama alimpa jina hilo kwa ule weupe wa shingoni, anatembea kama aliyekanyaga makaa. Bandeji zina damu. Harukii tena kwenye kiti cha Mama. Mama kaambiwa paka aligongwa na pikipiki. Macho yake hayaoni vizuri, kaamini.

Nilitaka kumfokea Dada. Kisha nikafungua kidonda cha Mama. Kinatoa harufu. Anayekiosha kila siku ni Dada, si mimi.

Nimkasirikie nani?

Jumanne, 11 Machi

Keshokutwa tunaingia mbele ya kamati ya halmashauri. Wenzangu wanatafuta mfano hai. Ninao. Nikiusema, nimemwanika Dada. Nikinyamaza, nilisaini ili iwe nini?

Jioni Dada kapiga simu, analia. Padri kamng'ata Mama mkono. Hajawahi kung'ata mtu; bila makucha, yamebaki meno. Wako hospitali.

Sasa hata hasira sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema mbele ya kamati. Paka wa mama yangu, nikasema. Jina la Dada sikulitaja, lakini Ngara ni ndogo.

Wengine walicheka. Diwani mmoja, mama mtu mzima, hakucheka. Akaniuliza, "Kwa mguu ule, ulitaka dada yako afanye nini?"

Nikajibu. Kumpunguza paka ncha za kucha kila wiki. Kumwekea gogo la kuparua. Mama avae soksi nene. Nilipokuwa nasema nikajisikia mwenyewe. Kwa nini haya sikumwambia Dada siku ile alipopiga simu? Nilimweleza mifupa tu.

Kamati imekubali kulipeleka ombi letu kwa baraza la madiwani. Wenzangu walinishika mkono mmoja mmoja. Sikusikia furaha. Sikusikia huzuni pia. Nilitamani kulala.

Jumapili, 16 Machi

Rusumo, baada ya misa. Dada kanifungulia mlango, hakunisalimia. Nikamwamkia Mama shikamoo, akaitikia marahaba, mkono mmoja umefungwa. Anajua yote. Jirani kamwambia niliyoyasema na Dada aliyoyafanya.

"Mguu ni wangu," akasema. "Paka ni wangu. Na hakuna aliyeniuliza."

Si Dada, si mimi.

Nikachemsha maji. Dada akashika beseni, mimi nikaosha kidonda. Kimeanza kuota nyama nyekundu pembeni, ni afadhali. Dada hakuliachia beseni.

Padri alikuwa chini ya kitanda. Mama akashusha mkono usiofungwa, akauacha hapo wazi, karibu na sakafu. Paka hakuja. Mama hakuuondoa.