Boksi Moja Lilifunguliwa, Lawama Nikatwishwa Mimi

Mpendwa Mama Severa, shikamoo. Naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nimefika mahali hata kumpakulia mume wangu chakula naona uchungu. Mume wangu Heriel ana duka la mashine za kutolea risiti hapa Kariakoo na mimi ndiye ninayeziandikia programu, na kwa kuwa mashine hizo huja na prosesa za aina mbalimbali na kila prosesa ina lugha yake, ilibidi niingie ndani kabisa ya kompaila, yaani ile programu inayogeuza tunachoandika kuwa lugha ya mashine, niipange upya ili ukiitajia prosesa ikutolee programu ya prosesa hiyo, kazi iliyonimaliza macho, na Heriel huwaambia watu kwamba mkewe anachezea kompyuta.

Mwezi uliopita uliingia mzigo mpya, Heriel akafungua boksi moja kama walivyozoea wafanyabiashara wa huku, akanipa mashine moja niiandalie programu, nikamwambia, "Baba Candida, fungua na mengine, mashine zinaweza kufanana nje ndani zikawa tofauti," akanijibu, "Boksi likishafunguliwa mteja anasema mtumba huo. Wewe nipe programu kwenye flashi, mengine niachie." Mashine zikaenda Songea, Tabora, Kahama, wateja wakiweka programu zinazima hapohapo, kumbe mzigo ulichanganywa na nusu yake ulikuwa na prosesa nyingine. Wakarudi wamefura, na Heriel, mbele yao na mimi nimesimama na chupa ya chai, akasema, "Jamani mnisamehe, nilimwamini mke wangu, kumbe kazi hii haiwezi."

Nikanyamaza nisimwaibishe. Kesho yake akaja Bi Rinkal, mwenye duka kubwa la jirani, aliyekuwa anataka nikaongoze mafundi wake wa programu, akaniuliza, "Evelyn, kweli wewe ndo ulikosea?" nikamjibu ndiyo, kwa sababu Heriel alikuwa pale anasikia, na sasa naambiwa Bi Rinkal anatafuta mtu mwingine. Heriel anataka niwapigie wateja wote simu niombe radhi ili jina la duka lisianguke. Niombe? Majina yetu usiyafiche, Kariakoo nzima inanicheka, nifiche nini tena.

Evelyn, Kariakoo

Evelyn, marahaba. Majina nimeyaacha kama ulivyotaka.

Pole, mwanangu, na uipokee haraka kwa sababu nina maneno na wewe. Kunyamaza mbele ya wateja nakuelewa. Lakini kwa Rinkal ulifungua mdomo wako mwenyewe ukajisingizia, na hilo hata kwenye kichenpati, wanakomfunda bi harusi, hawalifundishi. Ulidhani Heriel ataona ulivyomsitiri, akifika nyumbani akushukuru. Alichoona ni mke anayekubali kutwishwa, ndiyo maana sasa anakuongezea mzigo wa simu.

Na wewe Heriel, kama gazeti hili limekufikia limefungiwa maandazi, soma. Kuogopa boksi lililofunguliwa ni biashara, naijua. Kumtupia mkeo kosa ulilotahadharishwa naye ni woga.

Evelyn, usiombe radhi. Wateja wa mikoani hawana hatia, kwa hiyo watolee programu ya prosesa ile nyingine, kompaila yako inaiweza. Flashi azipeleke stendi ya mabasi Heriel mwenyewe, na simu apige yeye, aseme nani alikataa kufungua maboksi. Mwite kwa wasimamizi wa ndoa yenu umwambie hayo mbele yao. Akikataa, usibishane naye. Nenda kwa Rinkal ukamwambie ulimdanganya na kwa nini. Huenda nafasi imeshakwenda, sikupi matumaini ya bure, lakini angalau mtu mmoja mwenye duka ataacha kusema huijui kazi yako.

Heriel atalalamika umemwaibisha. Mjibu kwamba aibu hiyohiyo umeibeba wewe mwezi mzima, ndani ya nyumba yake, na hajawahi kukuuliza kama ni nzito.